Baba Mkwe Wangu na Kiongozi Asiyekosea

SWALI

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nihamie kaskazini-mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani. Nimeolewa na Mmarekani, Mzungu wa huku huku, na tumejaliwa watoto wawili. Ninafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku, na kwa sababu hiyo watoto wetu hushinda kwa babu yao siku tatu au nne kwa wiki. Babu huyo, yaani baba mkwe wangu, ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba sikuandikii kumshitaki mtu mbaya. Nilipopatwa na uchungu wa mtoto wa kwanza ilikuwa Februari, theluji imefika magotini, na mume wangu alikuwa safarini kikazi. Mzee huyu alikuja saa tisa za usiku, akazoa theluji kwa sepetu mpaka gari likapata njia, akanifikisha hospitali, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki koridoni mpaka mchana. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenichangia nusu ya nauli ya kwenda kuzika, na fedha ile hajaitaja mpaka leo.

Ana umri wa miaka 73. Ujana wake ulianzia kwenye kiwanda cha chuma, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1977 alihangaika na vibarua kwa muda mrefu mpaka akaajiriwa katika kiwanda cha magari, alikostaafia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kama wenzake wengi wa hapa aliwapigia kura Wademokrati. Mume wangu ananiambia kwamba hata Obama alimpigia mara zote mbili. Tangu mwaka 2016 amempigia Donald Trump mara tatu, na siku hizi si suala la kura tena bali ni kama suala la ukoo. Televisheni ya jikoni kwake huwashwa anapoamka na kuzimwa anapokwenda kulala, siku zote kwenye kituo kile kile cha habari, na hata akiwa nje anapalilia nyanya sauti yake humfuata kupitia dirishani. Watangazaji anawataja kwa majina yao ya kwanza, kama majirani zake.

Nimejaribu kumweleza kwa ushahidi, nikashindwa. Mahakama ilipomtia Trump hatiani mwezi Mei 2024, nilidhani mzee angalau atanyamaza. Wiki ile alinunua bendera mpya, kubwa kuliko ya zamani, akaipandisha mbele ya nyumba. Kabla ya hapo, mwaka 2019, kiwanda cha magari kilifungwa, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akapoteza kazi, akauza nyumba kwa hasara na kuhamia Tennessee, hivyo babu akatengana na wajukuu watatu kwa mpigo. Nilimuuliza kwa upole kama haoni kwamba waliahidiwa kinyume chake. Alinijibu kwa maneno matatu tu: "Angalau huyu alikuja."

Lililonikata maini ni la Septemba 2024. Bila shaka ulisikia uvumi kwamba wahamiaji kutoka Haiti wanaoishi Springfield, mji wa jimbo letu hili hili, wanakula paka na mbwa wa majirani. Televisheni ya jikoni ililirudia jambo hilo kutwa, na mzee akalirudia mezani. Ana paka wa rangi ya majivu ambaye binti yangu, aliyekuwa na miaka sita wakati ule, anampenda sana. Mtoto aliweka kijiko chini, akaniuliza kwa Kiingereza mbele ya wote: "Mama, ni kweli watu wa kwetu wanakula paka?" Mzee aliiva uso mpaka masikioni. Alimpakata mtoto, akaniangalia, akasema: "Hawasemi kuhusu nyinyi. Nyinyi ni wetu." Kesho yake televisheni iliwashwa kama kawaida.

Mume wangu, ambaye naye hutazama kituo cha upande wa pili kwenye simu yake mpaka usiku wa manane, anataka tuwaondoe watoto kwa babu yao moja kwa moja. Mimi kwa malezi niliyopewa siwezi kusimama mbele ya baba mkwe nikamwambia kwamba amedanganywa. Naomba unisaidie kuelewa: kwa nini watu wema kama yeye hawamwachi kiongozi huyu, hata wanapoumizwa? Je, ni televisheni iliyomfanya hivyo, na tukifanikiwa kuizima atarudi kuwa mtu wa zamani? Na watoto wangu nifanye nao nini?

Mkazamwana, Ohio

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye maneno matatu ya baba mkwe wako. Wewe umeyaandika kama ushahidi kwamba hasikii. Mimi nayaona yamebeba nusu ya majibu unayoyatafuta, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo kabla ya kufika kwenye televisheni.

Bonde la mto Mahoning, ambako naamini ndiko mnakoishi, lina siku ambayo wenyeji wake wanaiita mpaka leo Jumatatu Nyeusi. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kwamba inafunga kiwanda chake cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakawa hawana kazi. Katika miaka iliyofuata viwanda vingine vya chuma vya bonde hilo navyo vikazimika kimoja baada ya kingine. Mzee wako alikuwa na miaka ishirini na mitano. Wewe ni mtoto wa Muheza, huhitaji kuelezwa sana. Umekua ukiyaona mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori, makambi ya manamba yaliyobakia popo, na wazee wanaoweza kukutajia jina la kila msimamizi wa mwaka 1964, wakati ambapo Tanganyika ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mtu aliyeona mji wake ukinyang'anywa kazi hukumbuka kwa miaka mingi sana nani alikuja kumpa pole, na nani alibaki mbali akimhesabia takwimu.

Waliobaki mbali, kwa macho ya mzee wako, walikuwa wa chama chake mwenyewe. Rais Clinton, Mdemokrati, ndiye aliyetia saini mwezi Desemba 1993 sheria ya mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, ulioanza kutumika Januari 1994, na vyama vya wafanyakazi viliupinga kwa nguvu zote. Wanauchumi wanaweza kubishana kuhusu ni kazi ngapi zilipotea kwa sababu ya mkataba ule na ngapi zilipotea kwa sababu ya mashine, lakini kwa fundi aliyekuwa akilipa ada ya chama kila mwezi, pigo lile lilitoka ndani ya nyumba yake.

Sasa nikuombe jambo moja: siku moja muulize habari za James Traficant, kisha ukae umsikilize. Huyu alikuwa mkuu wa polisi wa kaunti ya Mahoning mwanzoni mwa miaka ya 1980, akakataa kutekeleza amri za kuwafukuza katika nyumba zao wafanyakazi waliokosa ajira, na akafungwa siku chache kwa kuidharau mahakama. Mwaka 1983 alishitakiwa kwa rushwa, akajitetea mwenyewe ingawa hakuwa mwanasheria, akashinda. Mwaka uliofuata watu wa Youngstown, mji mkubwa wa bonde hilo, wakampeleka Bungeni kwa tiketi ya chama cha Democratic, na wakaendelea kumrudisha mpaka mwaka 2002, alipotiwa hatiani kwa makosa kumi na Baraza la Wawakilishi likamfukuza kwa kura 420 dhidi ya moja. Novemba ya mwaka huo huo aligombea tena, akiwa gerezani, na takriban asilimia 15 ya wapiga kura bado wakamchagua. Nakuhadithia haya kwa sababu yanafuta dhana rahisi tunayoipenda sisi tunaotazama kwa mbali, kwamba watu hawa waliharibiwa na kituo kimoja cha televisheni. Traficant alianza kupendwa zaidi ya miaka kumi kabla kituo cha habari cha Fox News hakijazaliwa. Bonde lile lilikwishajifunza kumpenda mtu anayegombana na wakubwa kwa niaba yake, na lilikwishajifunza kwamba hukumu ya mahakama dhidi ya mtu huyo yaweza kuwa ni wakubwa wanalipiza kisasi.

Basi mwezi Julai 2017 Trump akaja Youngstown, akawaambia watu waliojaa ukumbini kwamba kazi zote zinarudi, wasihame, wasiuze nyumba zao. Novemba 2018 kampuni ya General Motors ikatangaza kwamba kiwanda chake cha magari cha Lordstown hakitapangiwa gari jipya la kutengeneza, na Machi 2019 gari la mwisho likatoka kwenye mstari. Ningekuwa mtabiri wa siasa ningesema hapo ndipo ndoa ilipovunjika. Kumbe katika uchaguzi wa mwaka 2020 kaunti ya Trumbull, ambako ndiko kiwanda kilipo, ilimpa ushindi wa tofauti kubwa kuliko ya mwaka 2016, na kaunti jirani ya Mahoning, ambayo mara ya kwanza ilimkataa kwa tofauti ndogo, ikamchagua, jambo ambalo hakuna mgombea wa Republican aliyelipata tangu Nixon mwaka 1972.

Naomba usikimbilie kusema kwamba hawana akili. Ahadi za wanasiasa kuvunjika wameshazizoea kwa miaka arobaini. Kilichokuwa kigeni kwao ni mgombea urais kusimama mbele yao na kuwaambia kwamba hasira yao ni halali na kwamba kuna waliowaibia. Tunasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Huyu pengine hakuwafaa, lakini alifika kwenye dhiki, na kwa mtu aliyesubiri mgeni muda mrefu tofauti hiyo haionekani upesi. Halafu kiwanda kilipofungwa, kiongozi mwenyewe hakunyamaza kwa aibu: alimlaumu hadharani mkuu wa kampuni, akamlaumu kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda kile kile. Lawama ilikwishapata pa kwenda kabla haijafika kwake.

Hapo ndipo televisheni inapoingia, kwa maana kazi yake kubwa ni kuionyesha lawama njia, asubuhi mpaka jioni.

Kituo anachotazama hukukitaja, nami sitabahatisha, ila nitazungumzia Fox News kwa sababu ndicho kilichochunguzwa zaidi ya vingine vyote. Mpaka mwaka 1987 redio na televisheni za Marekani zilibanwa na kanuni iliyowekwa mwaka 1949, ikizitaka zitoe nafasi kwa pande mbalimbali za jambo lenye ubishi. Ilipofutwa, redio za mazungumzo ya siasa zikachipuka; Rush Limbaugh, mtangazaji wa mrengo wa kulia, akaanza kusikika nchi nzima mwaka 1988. (Wapo wanaoamini kwamba kuirudisha kanuni hiyo kungemaliza tatizo, wanasahau kwamba ilivihusu vituo vinavyorusha hewani, si vya kebo kama Fox.) Oktoba 1996 Fox News ikaanza kwa fedha za Rupert Murdoch na chini ya usimamizi wa Roger Ailes, mtu ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kuwashauri Nixon, Reagan na Bush mkubwa namna ya kuonekana mbele ya kamera. Wachumi wawili baadaye walilinganisha miji ambayo kampuni za kebo zilikuwa zimekwishaileta Fox kabla ya mwaka 2000 na miji ambayo hazikuileta, wakakuta kwamba mahali ilipofika, Warepublikan waliongeza kati ya asilimia 0.4 na 0.7 ya kura. Utaona ni kidogo, na kweli ni kidogo, ila mwaka ule jimbo la Florida, na urais pamoja nalo, uliamuliwa kwa kura 537.

Hata hivyo mzee wako hakuwa katika sehemu hiyo ya asilimia. Mwaka 2012, kituo hicho kikiwa na umri wa miaka kumi na sita, yeye alimpigia Obama. Kwa hiyo siamini kwamba televisheni ilimchukua mtu wa upande mmoja ikamvusha mpaka upande wa pili. Ninachoamini ni kwamba alivuka kwa miguu yake, akiwa na majeraha yake, na alipofika ng'ambo alikuta televisheni imewashwa, inamweleza kila siku kwamba alifanya vyema kuvuka na kwamba waliobaki kule wanamcheka.

Tena si kweli kwamba kituo ndicho kinachoongoza na watazamaji wanafuata tu. Usiku wa tarehe 3 Novemba 2020 Fox ilikuwa ya kwanza kutangaza kwamba Biden ameshinda Arizona. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini watazamaji walikasirika, na sehemu yao wakahamia Newsmax, kituo kingine cha mrengo wa kulia. Kampuni ya mashine za kura ya Dominion ilipoishitaki Fox mahakamani, nyaraka za kesi zilionyesha kwamba watangazaji na wakuu wa Fox, wakiandikiana kwa siri, walizidharau hadithi za wizi wa kura ambazo kituo chao kilikuwa kikizipa nafasi hewani, na kwamba waliogopa kuwapoteza watazamaji. Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5 ili kesi isiendelee. Muuza kahawa anayejua kwamba baraza zima linapenda chungu hathubutu kuwaletea chai ya maziwa, hata kama daktari amemnong'oneza kwamba chai ingewafaa zaidi. Ukifikiria hivyo utaona kwamba mzee wako, pamoja na wenzake mamilioni, ni mteja aliyedanganywa na wakati huo huo ni mteja aliyeagiza.

Ndiyo maana sitakupa matumaini ya uongo kuhusu kuizima. Septemba 2020 watafiti wawili wa sayansi ya siasa waliwalipa watazamaji wa kawaida wa Fox dola 15 kwa saa ili watazame CNN badala yake, hadi saa saba kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Watu wale walijifunza mambo ambayo hawakuwa wakiyasikia, na baadhi yao wakaanza kukiri kwamba kituo chao huficha mabaya ya Trump. Malipo yalipokwisha, wengi walirudi kwenye kituo chao, na baada ya miezi miwili mabadiliko yale yalikuwa yamefifia karibu yote. Ukimzimia mzee televisheni utampunguzia sumu, na hilo si dogo, lakini hutamrudisha mtu wa mwaka 2012, kwa sababu kinachomshikilia hakiko ndani ya kisanduku kile peke yake.

Kuna kifo kingine kilichotokea huko kwenu ambacho kwangu kina uzito kuliko tunavyokipa. Tarehe 31 Agosti 2019, miezi michache tu baada ya Lordstown, gazeti la Youngstown lililoitwa The Vindicator lilifungwa baada ya miaka 150, na jina lake likanunuliwa na gazeti la mji jirani. Gazeti la namna hiyo lilikuwa likimwambia mtu nani amefariki, nani ameoa, barabara ipi inachimbwa na diwani gani amekula fedha za maji. Mtu aliweza kulikasirikia kisha akakutana na mwandishi wake dukani. Kituo cha New York hakijui mtaa wa mzee wako wala hakina haja ya kuujua. Kinachokijua ni hasira yake, na hiyo ndiyo kinayomhudumia.

Yapo pia mambo mawili ambayo ni lazima uyapime bila kujidanganya. La kwanza ni kwamba baadhi ya wafuasi wanabaki kwa sababu wamelipwa walichotaka. Machi 2018 chuma kinachotoka nje kiliwekewa ushuru wa asilimia 25, na katika bonde la chuma hilo lilisikika. Waumini waliotaka Mahakama ya Juu ya Marekani igeuze uamuzi wake wa kuruhusu utoaji mimba waliwapata majaji watatu, na Juni 2022 uamuzi ukageuzwa. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba kura yake haikumletea kitu. La pili ni chuki ya mgeni, ambayo ipo, na ambayo wachambuzi wengine huifunika kwa huruma ya uchumi mpaka isionekane. Trump aliutamka uvumi wa Springfield kwenye mdahalo wa tarehe 10 Septemba 2024. Viongozi wa mji wakaukanusha, na gavana wenu Mike DeWine, ambaye ni wa Republican na alizaliwa mji huo huo, akaukanusha pia. Ukanusho ulitoka kwa mtu wao wenyewe na bado uvumi ukaendelea kutamba, kwa sababu wapo waliotaka uwe kweli. Maneno ya mzee kwamba nyinyi ni wake ni ya upendo wa kweli, sina shaka. Yanakutoa wewe na mwanao kwenye kundi linalotukanwa. Tusi lenyewe yanaliacha pale pale mezani, na binti yako, akikua, atajua kwamba Wahaiti wale wanafanana naye kuliko wanavyofanana na babu yake.

Kuhusu bendera mpya: mahakama ya New York ilimtia Trump hatiani kwa makosa 34 tarehe 30 Mei 2024, na wewe ukategemea aibu. Lakini kiongozi huyo alikwisha kuwaambia wafuasi wake mara nyingi kwamba wanaowindwa ni wao, naye amesimama tu katikati. Ukishaipokea hadithi hiyo, hukumu juu yake inakuwa hukumu juu yako. Ongeza kwamba kumwacha sasa ni kukiri, mbele ya mwanawe, mbele ya mkazamwana wake na mbele ya mtaa mzima wenye bendera kama yake, kwamba kwa karibu miaka kumi alipotea. Wazee wachache sana wanaweza kulipa gharama hiyo, na sidhani kama sisi tungeiweza. Kila unapomwekea nyaraka mezani unampandishia bei.

Kwa hiyo ushahidi uweke kando. Sikushauri hivyo kwa kuwa ukweli hauna maana. Ni kwa sababu wewe si mwendesha mashitaka wake. Swali la kumbadilisha kura liache kabisa, ushughulikie swali la watoto, ambalo ni lako na lina jibu.

Anayepaswa kulisema ni mumeo, kwa kuwa ni baba yake, na alisemee mbali na watoto, bila jina la Trump kutajwa: kwamba watoto wakiwa katika nyumba ile, televisheni ya habari inazimwa, na sababu yake ni lile swali la paka, ambalo mzee mwenyewe alilisikia. Mzee aliiva uso siku ile. Aibu ile ndiyo mlango wenu, msiupigilie misumari kwa kumwongezea hotuba. Mumeo naye aizime simu yake mezani, maana mtoto anayeona baba akigombana na skrini kila usiku anajifunza somo lile lile kwa lugha ya upande wa pili. Mzee akikubali, mmepata. Akikataa, au akirudia maneno yale mbele ya watoto, siku za kushinda kwake zipungue, na aelezwe waziwazi kwa nini zimepungua.

Kuwaondoa moja kwa moja, kama mumeo anavyotaka, sikushauri. Mtu huyu alinyang'anywa kiwanda, akanyang'anywa wajukuu wa Tennessee. Mkimnyang'anya na hawa, atakayebaki naye kutwa ni yule wa kwenye skrini.

Na wewe una neno lako moja la kusema. Kwetu baba mkwe hasutwi, lakini huombwa, na ombi la mkazamwana lina uzito wake. Mkute peke yake kwenye nyanya zake, umwambie: "Baba, uliposema sisi ni wako nilifurahi. Lakini nilipofika nchi hii nilikuwa kama wale wa Springfield, na wewe ulikuwa bado hujanijua." Kisha nyamaza. Usingoje jibu siku hiyo, wala usilirudie neno hilo wiki inayofuata.

Jumamosi moja usiyo na zamu, mwombe awapeleke wewe na binti yako kwenye jumba la makumbusho ya chuma pale Youngstown, ambalo wenyeji wanalijua. Asiende mumeo, watagombana njiani. Mwache mzee atangulie, amwonyeshe mtoto kazi aliyokuwa akiifanya akiwa kijana, joto lilivyokuwa, na nani alikuwa akisimama kulia kwake. Wewe beba chupa ya kahawa, na usimharakishe.